Dubai Mmeenda, Sawa. Mchanga wa Ngorongoro Mmeuona?

Wadau, wiki hii tena. Nimefungua simu asubuhi, hata mswaki sijapiga, nakutana na dada yetu mmoja wa mjini yuko jangwani Dubai. Abaya nyeusi imemkaa vizuri, mkononi kashika mwewe, nyuma yake mchanga wa dhahabu hadi mwisho wa macho. Jina simtaji, ukijua umejua. Picha ni kali, hilo sibishi. Kilichonikalisha kitako ni maneno aliyoandika chini yake: kwamba safari hiyo imemfundisha kuwa watu wanaweza kuwa wa kisasa kabisa na bado wasitupe mila zao.

Nikajiuliza, huyu dada si kwao ni Arusha?

Kabla hamjanirukia, nieleweke. Sina wivu na mtu anayekula bata kwa hela yake. Dubai ni kama Kariakoo yetu ya pili, nusu ya nguo tunazovaa na simu tunazoshika zimepita kule Deira kwanza. Na ni jiji la kulistaajabia. Umoja wao umezaliwa mwaka 1971, Muungano wetu ni wa 1964, yaani sisi ni kaka zao kwa miaka saba. Leo wana Burj Khalifa yenye mita 828, na pale chini bado unavuka ule mkono wa bahari kwa kimashua cha mbao kwa sarafu. Anayesema hakuna cha kujifunza pale anajidanganya.

Ila tuitazame hiyo safari ya jangwani kama ilivyo, maana kila staa wetu akienda lazima airekodi. Mchana gari linakufuata hotelini, Land Cruiser. Mnapandishwa na kuteremshwa kwenye vilima vya mchanga mpaka wenye matumbo mepesi waombe poo. Jua likizama mnapiga picha. Halafu mnapelekwa kambini: mazulia chini, gahawa na tende, ngamia wa kupanda dakika tano, hina mkononi, nyama ya kuchoma, ngoma. Saa tatu au nne usiku umerudi hotelini kwenye kiyoyozi. Ndio utamaduni huo, umefungwa vizuri kama zawadi.

Sasa fungua hiyo zawadi. Dereva wako kuna uwezekano mkubwa ametoka Pakistani. Yule mwanaume anayezunguka na sketi ya rangi zote, ngoma ile asili yake ni Misri. Anayekumiminia gahawa anaweza akawa ametoka India au hata Kenya. Si ajabu, maana wenyeji wa Falme za Kiarabu ni wachache sana kwenye nchi yao, wengi wanaoishi pale ni wageni waliofuata kazi. Mwenyeji mwenyewe yuko kwake, anaangalia mpira. Maisha ya jangwani ya babu zake yalibadilika mafuta yalipopatikana, kwa hiyo wakayahifadhi kama onyesho. Wamefanya vizuri sana. Lakini ni onyesho.

Haya, twende Karatu.

Ukitoka Arusha unaifuata lami, unapita Meserani ambako ngamia wapo, unakata kona Makuyuni, unaingia Mto wa Mbu kwenye ndizi nyekundu, unapanda ukuta wa Bonde la Ufa huku Ziwa Manyara limelala chini yako. Safari yote haifiki kilomita 160 na umeshafika Karatu. Udongo mwekundu, hewa ya baridi, mashamba ya ngano na kahawa. Pale mjini Land Cruiser ni nyingi kuliko bajaji, zote zimefunguliwa paa kwa ajili ya watalii. Ni gari lile lile la Dubai, tofauti ni kwamba la kwetu dereva wake ni mtoto wa hapo hapo. Anakutajia ndege kwa majina, na ukimuuliza anakuonyesha shule aliyosoma.

Anasa? Ipo, tena ile ya kufuru. Kuna loji zimejengwa ndani ya mashamba ya kahawa, una meko chumbani na sinia la chai mlangoni kabla hujaamka. Ukipanda juu kwenye ukingo wa kreta, kuna vyumba ambavyo dirisha la bafuni linatazama shimo lenye kina cha mita 600 hivi na sakafu ya kilomita za mraba 260. Unaoga huku nyati wanaonekana kama sisimizi. Dubai hawana hiyo, na hela zote walizonazo hawawezi kuijenga.

Utamaduni? Hapo ndio usiseme. Karatu yenyewe ni ya Wairaqw, watu ambao lugha yao ina undugu na Kisomali kuliko na Kiswahili. Teremka upande wa Ziwa Eyasi utakuta Wadatoga wanafua vyuma, wanatengeneza bangili na ncha za mishale. Mbele kidogo kuna Wahadzabe, watu elfu moja na ushee tu waliobaki, wenye lugha ya kubofya ulimi na ambao wengine hadi leo wanakula kwa upinde na mizizi. Hapo hapo Mang'ola kuna vijana wa Kibongo kabisa wanalima vitunguu na kuvipakia kwenye malori. Panda juu Ngorongoro utawakuta Wamaasai na ng'ombe wao. Yote hayo unaweza kuyagusa kwa siku tatu, na hakuna anayeigiza kuwa babu yake.

Na jangwa, mnaotaka jangwa, lipo pia. Kaskazini ya Bonde la Olduvai kuna mchanga unaohama. Si wa dhahabu, ni mweusi. Ni majivu ya volkano ya Ol Doinyo Lengai, mlima ambao jina lake kwa Kimaasai maana yake ni Mlima wa Mungu. Upepo umeyakusanya yakawa kilima chenye umbo la mwezi mwandamo, na kilima hicho kinatembea. Kweli kabisa, kinasogea wastani wa mita 17 kwa mwaka, na zimewekwa alama kuonyesha kilikuwa wapi mwaka gani. Ukishika kiganja cha mchanga huo ukaurusha juu, hautawanyiki kama mchanga wa ufukweni, chembe zake zina sumaku, zinarudi chini zimeshikana.

Dubai mchanga unakanyagwa na magari kwa ajili ya kelele na video. Huu wa kwetu Wamaasai wanauheshimu kama sehemu takatifu. Unashuka kwenye gari, unasimama, unautazama, unanyamaza. Nilijikuta nimeweka simu mfukoni bila mtu kuniambia. Mara ya mwisho kutokea hivyo sikumbuki.

Sasa swali linalouma: kama tunavyo vyote hivi, kwa nini mastaa wetu hawaendi? Jibu rahisi ni kusema wanapenda cha nje, ni washamba, wanataka kiki. Mimi jibu hilo sinunui. Nitawaambia kwa nini.

Tulienda wanne, mwezi wa kumi na moja, tumechangishana hela ya gari tangu Sabasaba. Siku ya pili tukasema tupite kwenye loji moja karibu na Karatu tunywe kahawa, tujione na sisi watu. Tumefika getini, mlinzi akainama dirishani, akatuangalia wote wanne, halafu akamuuliza dereva wetu: "Kaka, wageni wako wako wapi?"

Dereva akasema, "Wageni si ndio hawa."

Mlinzi akacheka. Hakuwa na roho mbaya, alidhani ni utani. Alipoona hatucheki akashika redio, akaita ndani, tukakaa pale getini kama dakika ishirini wakati magari mawili yenye Wazungu yanapita yanapungiwa mkono. Tulipoingia, karatasi ya bei yote ilikuwa dola. Kahawa yenyewe imelimwa hapo hapo, nyuma ya ukuta. Rafiki yangu mmoja alikuwa amevaa vizuri kwa ajili ya picha. Hakupiga hata moja.

Simlaumu yule mlinzi. Amezoea. Kwa miaka yote aliyofanya kazi pale, mtu mwenye sura kama yangu akiwa ndani ya gari lile ni dereva, mpishi au anayekuja kuomba kazi. Ila mnaona tatizo? Dubai yule dada yetu akishuka kwenye gari, anaitwa madam. Hela yake ni hela. Huenda nyuma ya tabasamu wana yao, lakini getini hakuna anayemuuliza mgeni yuko wapi. Tusimshangae mtu kusafiri saa tano na nusu angani kwenda kununua heshima ambayo nyumbani kwao hauziwi hata akiwa na hela.

Hiyo ni hoja yangu ya kwanza, na naielekeza kwa wenye mahoteli. Nchi hii mwaka 2024 imepokea wageni wa kimataifa zaidi ya milioni mbili. Ile filamu ya Royal Tour ya 2022 imefanya kazi yake, dunia imetuona, hongera. Lakini mteja wa kesho yuko Sinza, Njiro na Mwanza, ana simu mkononi, ana mshahara wa kawaida, na anataka usiku mmoja tu wa kujisikia. Korona mwaka 2020 iliwafundisha nini? Wageni walipokata, mahoteli yalikaa matupu, magari yakapaki Arusha yakaota vumbi. Mtanzania huyu huyu unayemweka getini ndiye aliyekuwa hapa muda wote. Mwandikie bei kwa shilingi, mwekee ofa ya msimu wa mvua, mfundishe mlinzi kusema "karibuni" kabla ya swali lolote.

Hoja ya pili ni ya kwetu wenyewe, na hapa wengine mtaninunia.

Wapo mastaa wetu wanaoenda Ngorongoro. Kaka mmoja, msanii, naye jina simtaji, alipelekwa huko kwa safari ya kulipiwa. Tuliona video. Shuka nyekundu begani, rungu mkononi, kruu nzima inaruka ruka bomani, watoto wa watu wamewekwa mbele ya kamera sura wazi, muziki wa wimbo wake mpya unapigwa juu. Dakika moja na sekunde kadhaa. Hakuna mwenyeji hata mmoja aliyetajwa jina. Hakuna hata mmoja aliyesikika akiongea. Mzee wa boma alionekana kwa nyuma, amekaa, anaangalia tu kama mtu anayesubiri mvua iishe.

Huyu kaka hana tofauti na yule Mzungu wa kofia tunayemcheka. Tofauti ni kwamba yeye anawaita "asili yetu". Asili ya nani, wakati salamu yao tu huijui? Mwanaume anasalimiwa "supai", anajibu "ipa". Maneno mawili, ndugu yangu. Umekariri mistari 32 ya wimbo unashindwa maneno mawili.

Na kuna jambo zito ambalo halikuingia kwenye video, nalo ndilo lililonifanya niandike haya. Watu wale uliopiga nao picha, kukaa kwao pale ni suala ambalo bado halijatulia. Mwaka 1959 walihamishwa kutoka Serengeti ilipobaki kuwa hifadhi ya wanyama tu, wakaahidiwa kwamba Ngorongoro wataishi na mifugo yao pamoja na wanyamapori. Ndiyo maana Ngorongoro haikuitwa hifadhi ya taifa kama Serengeti, ni eneo la hifadhi lenye watu ndani. Wakati ule walikuwa kama elfu nane. Leo wamevuka laki moja, na Serikali inasema watu na mifugo wamezidi uwezo wa eneo. Tangu Juni 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni, mkoa wa Tanga. Serikali inasema wanahama kwa hiari na wanapewa nyumba na mashamba. Wengine wenyewe wanasema hiari gani hiyo wakati huduma kwao zinapungua. Agosti 2024 maelfu walitoka wakakaa barabarani, na magari ya watalii yakasimama.

Mimi si mtaalamu wa malisho na sitawadanganya kwamba kila upande nimeupima. Hoja ya wingi wa watu ni ya kweli na inahitaji jibu. Lakini najua hiki: Ngorongoro iliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979 kwa sababu ya maumbile, na mwaka 2010 ikaongezewa sababu ya pili, ya utamaduni na historia ya binadamu. Pale Olduvai ndipo Mary Leakey aliliona fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, mwaka ule ule wa ahadi. Kule Laetoli zipo nyayo za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita. Sehemu ambayo binadamu ameishi kuliko karibu popote duniani, na sisi tunabishana kama binadamu anafaa kuwepo, huku tunavaa shuka lake kwa ajili ya wimbo.

Sasa mrudieni yule dada wa Dubai na maneno yake mazuri ya mila na usasa. Kule maisha ya zamani yalikwisha ndipo onyesho likaanza. Hapa kwetu maisha yapo bado, yanachunga ng'ombe asubuhi hii. Kinachonitisha ni siku tutakayokuwa na onyesho zuri kuliko la Dubai, mahema safi, taa za kupendeza, vijana kutoka mjini wamevalishwa shuka wanaruka saa kumi na mbili kamili kila jioni, na mwenye shuka yake yuko mbali, anasimulia. Tukifika hapo hatutakuwa na cha kuwacheka Waarabu. Wao angalau mabadiliko yao yaliwaacha matajiri.

Sasa nifanyeje? Nawajua, mtaniuliza. Sisemi staa ageuke mwanasiasa. Nasema vitu vidogo.

Ukienda bomani, uliza kabla ya kupiga picha, na mtoto usimpige bila mzazi kukubali. Uliza hela ya kiingilio inagawanywaje, maana kuna maboma kijiji kinafaidi na kuna mengine hela inaishia kwa anayeleta magari. Shanga nunua kwa mama aliyezitunga. Mpe mwenyeji kipaza sauti, hata sekunde kumi, ajitaje jina lake na la boma lake. Ukiwa na wafuasi milioni tano, sekunde hizo kumi ni kubwa kuliko unavyodhani.

Na wewe usiye staa, usiogope. Si lazima ulale kwenye chumba cha meko. Karatu kuna nyumba za wageni za kawaida kabisa, mabasi kutoka Arusha yapo kila siku. Kiingilio cha Mtanzania ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni, kinachouma ni gari, kwa hiyo jikusanyeni watu sita. Beba kitambulisho cha NIDA, beba sweta zito, pale ukingoni ni zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari na ukungu wa asubuhi hauna adabu. Anza safari alfajiri. Na ukipita kwenye loji, ingia, uliza bei, uliza tena kwa shilingi. Tukiingia wengi mlinzi atazoea, kama alivyozoea wale wengine.

Sisi tulirudi Karatu jioni ile, tukaacha mambo ya loji, tukala nyama choma na ndizi pale mjini, meza ya plastiki, baridi inapiga. Dereva wetu akatuambia kitu. Kasema amefanya kazi hii miaka tisa, ameshuka kreta hata idadi hakumbuki, ila sisi ndio wageni wa kwanza aliowasimulia yote kwa Kiswahili. Kasema kuna vitu alikuwa anavijua siku zote na hajawahi kuvisema, kwa sababu kwa Kiingereza havikai.

Miaka tisa, wadau. Stori ziko ndani ya gari, zinatusubiri sisi, na sisi tuko Dubai tunajifunza kuwa mila na usasa vinaweza kukaa pamoja.

Dada yangu, picha zako ni nzuri na nimezipenda zote. Ukirudi nyumbani, pitia Karatu. Dereva ninaye, namba nitakupa mwenyewe. Na mlinzi akiuliza wageni wako wapi, shusha kioo, umjibu.